Maneno Kumi na Mawili Mbele ya Altare

Sitaki kuficha, maana nikificha mtaambiwa na mtu mwingine na huyo ataongeza chumvi: mimi ndiye yule mwanaume aliyepiga magoti mbele ya magunia ya mahindi kanisani, Jumapili ya Mavuno, watu wamejaa hadi nje, akaanza kuyageuza moja moja na kuyasoma kama padre anavyosoma misale. Ni mimi. Mpaka leo nikipita sokoni Sumbawanga kuna akina mama wa nyanya wanainama chini ya meza zao ili nisiwaone wakicheka, na mimi nawaona.

Lakini kabla hamjanicheka mnijue kwanza. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe mwalimu alikuwa akiniona mara mbili kwa mwezi. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa mtu. Leo nina stoo yangu, Fuso yangu, na nyumba ya bati la bluu ambayo ukitoka njia ya Matai unaiona kabla hujauona mji (mke wangu, Mama Deo, anasema huo ni uongo, lakini yeye hajawahi kuitazama akiwa mbali). Hakuna aliyenipa hata senti. Maharage ndiyo yamenilea, nayanunua Laela na Matai, nayashusha bandarini Kasanga, yanavuka ziwa mpaka Kalemie kwa mteja wangu mkubwa, mama mmoja Mkongo anaitwa Mama Furaha, mwanamke ambaye akikupigia simu hata usipoiweka sikioni unamsikia.

Sasa zamani biashara ile ilikuwa inanizeesha. Mzigo unavuka, hela inarudi na mashua, imefungwa kiunoni mwa mtu, na wewe huku unawaza wimbi, unawaza wezi, unawaza huyo mtu mwenyewe kama ana tamaa. Ikifika ni faranga, ubadilishe iwe dola, dola ubadilishe iwe shilingi, na kila anayekubadilishia anamega kidogo, ukija kupanda Sumbawanga umebaki na hela ya kununulia nusu ya maharage uliyouza. Wakulima wanasubiri, wanakasirika, msimu ujao wanamuuzia mwingine.

Ndipo siku moja Mama Furaha akaniambia, "Papa Deo, ile makuta ya kufunga kwa mukaba ni mambo ya zamani. Fungua telefone, nikutumie dola za mutandao."

Nikamwambia mimi kripto, hizo hela za mtandaoni, naogopa, kuna vijana wa hapa mjini waliahidiwa kwamba hela itazaa hela wakaliwa mpaka pikipiki.

"Hao walicheza kamari," akasema. "Miye nakulipa maharage yako. Dola moja inabaki dola moja. Weye unaogopa dola?"

Nikajifunza. Nasema nikajifunza, mimi wa darasa la nne, wakati watu wenye vyeti vyao ukutani bado wanauliza hiyo kitu inashikwaje. Tangu siku hiyo mashua ikishusha mzigo Kalemie, kabla wapagazi hawajafuta jasho, dola zimeshaingia kwenye simu yangu. Nikitaka shilingi namuuzia mtu wa Dar niliyemzoea, ananirushia kwenye simu, kodi nalipa, na kesho yake nipo Laela nawalipa wakulima taslimu wakati wenzangu bado wanauliza mashua imefika wapi. Ndiyo maana akina mama wa Laela wananipa mimi maharage kwanza. Na huwa nawaambia vijana, msidanganyike, hela haizai, maharage ndiyo yanazaa, huo mtandao ni njia tu ya hela kupita.

Tatizo lilikuwa ufunguo. Mfuko ule wa simu, yaani programu inayotunza hizo dola, siku unaufungua kwa mara ya kwanza, unakupa maneno kumi na mawili ya Kizungu. Mama Furaha akanionya mara tatu: simu ikipotea, ukiwa na maneno yale, kwa mpangilio wake, unazirudisha dola zako kwenye simu nyingine yoyote. Usipokuwa nayo, umezika. Na mtu mwingine akiyapata, amekuzika yeye. Andika, usipige picha, usimwambie mtu.

Usimwambie mtu. Mimi nikaelewa hata mke.

Basi nikakaa stooni nikafikiri. Karatasi? Nyumbani kwangu karatasi haimalizi wiki, Mama Deo asipoiwashia moto italiwa na panya. Daftari? Nimepoteza madaftari mengi kuliko mahindi. Nikajiuliza, ni kitu gani mimi maishani mwangu sijawahi kupoteza? Gunia. Wafanyabiashara wote wa nafaka hapa tunaandika alama zetu kwenye magunia, hakuna anayeshangaa kuona gunia limeandikwa. Nikachukua magunia kumi na mawili mapya, yale meupe ya plastiki, nikachukua maka pen nyeusi, nikaandika neno moja kila gunia na namba yake, herufi kubwa, kwa kuchora hasa, maana sikuwa najua hata moja lina maana gani. Nikayakunja, nikayatundika kwenye boriti stooni. Nikarudi nyuma kuyatazama. Jamani, nilijiona nina akili kuliko benki!

Yakakaa pale miezi, salama kabisa. Kisha ikaja Jumapili ya Mavuno.

Kwetu mavuno siyo mchezo. Kila jumuiya inapeleka mazao mbele ya altare, yanabarikiwa, na baada ya misa yanapigwa mnada pale pale uwanjani kwa ajili ya parokia. Kwenye jumuiya yetu yupo mwenzangu mmoja anaitwa Kastori, naye ni wa mahindi, tumeanza mkokoteni pamoja na tangu hapo kila mmoja anamwangalia mwenzake anakula nini. Kastori akasimama mbele ya jumuiya akasema mwaka huu atatoa magunia kumi. Watu wakampigia makofi. Mimi kabla makofi hayajaisha nikasema, "Kumi na mawili." Nikaenda nyumbani nikamwambia Mama Deo, "Mimi naenda Kasanga na mzigo, wewe jaza mahindi, chagua magunia safi, mapya, usiniaibishe mbele ya Kastori."

Mnaona? Mdomo wangu mwenyewe. Safi, mapya, kumi na mawili.

Nikashuka Kasanga, nikapakia, Mama Furaha akatuma malipo ya mzigo wa mwisho wa msimu, na mtaji wangu wote ukawa humo kwenye simu, kila kitu, mpaka hela ya kununulia maharage ya msimu unaofuata. Jumapili asubuhi narudi, naingia uwanjani kwangu, nashuka kufungua kamba za turubai. Kamba ya Fuso inataka mikono miwili. Nikaiweka simu juu ya tairi la nyuma, dakika moja tu. Dereva akaona gari limekaa vibaya, akarudi nyuma kidogo.

Ule mlio sitausahau. Mdogo tu, kama mtu amekanyaga karanga.

Simu ilikuwa bapa kama chapati, na laini ndani yake imevunjika vipande viwili. Dereva akashika kichwa. Mimi nikamwambia, tena kwa majivuno, "Tulia, bwana, mimi siyo mtu wa kupoteza hela kwa sababu ya simu." Nikachukua taslimu yote iliyokuwa mfukoni nikaenda dukani kwa Nassoro, ambaye Jumapili hafungi, nikanunua simu mpya, kubwa, ya mtu mwenye heshima zake. Nassoro akaniwekea ule mfuko, akanipa na intaneti ya dukani kwake, na simu ikauliza: weka maneno kumi na mawili. Nikamwambia Nassoro, "Haya mengine siyo ya kuonwa," nikaenda stooni natembea polepole, napiga mluzi.

Boriti ilikuwa tupu.

Sikuelewa mara moja. Nilitazama boriti, nikatazama chini, nikatazama boriti tena. Jirani akaniita juu ya ukuta, "Baba Deo, mbona uko hapa? Mama Deo ameshapeleka magunia na trekta tangu saa moja, yamependeza kweli, meupe peee!"

Bodaboda niliyoipanda mpaka leo haijajua kwamba iliokoa mtaji. Nilifika kanisani na mabuti ya matope, koti limejaa vumbi la njia ya Kasanga, na maandamano ya mavuno yalikuwa yamekwisha. Magunia yangu yapo mbele, yamepangwa mstari mmoja chini ya ngazi za altare, mengine yamegeuzia maandishi kwa watu kabisa, na padre yupo katikati ya mahubiri. Nikajisemea, subiri misa iishe. Halafu nikakumbuka mnada. Gunia moja litakwenda Namanyere, jingine mashineni likamwagwe unga, jingine kwa mama wa kuuza viazi alikate alitandike chini. Nikaomba kalamu kwa mtu wa benchi la nyuma na nikaenda mbele kwa njia ya pembeni, nimeinama, kama mtu anayekwenda kuungama.

Nikapiga goti. Gunia la kwanza, namba tatu, nikaliandika kwenye kiganja. La pili, namba saba. Mwanzoni watu waliguswa, nilimsikia mama mmoja akisema, "Tazama, mtu na utajiri wake, anavyonyenyekea." Ningeishia hapo ningekuwa mtakatifu. Lakini mengine yalikuwa yamegeuzia maandishi chini, na gunia la mahindi halina adabu, ukiligeuza peke yako unatoa sauti. Nikageuza moja, nikaguna. Nikageuza la pili, nikaguna zaidi. Padre akanyamaza. Nikajua amenyamaza kwa sababu nilikuwa najisikia mwenyewe nikiguna.

Nilikuwa nimepata kumi na moja, kiganja kimejaa mpaka kwenye mkono, limebaki namba tisa. Na juu ya namba tisa amekaa Bibi Sabina.

Bibi Sabina ndiye mkubwa kuliko wote parokiani, benchi lilikuwa limejaa, akaona gunia, akakaa, ametandaza vitenge vyake viwili na hakuna neno linaloonekana.

"Bibi, shikamoo," nikanong'ona.

"Marahaba. Unatafuta nini chini huko?"

"Naomba usogee kidogo, Bibi. Kidogo tu."

"Nisogee wapi? Hili ni gunia la Mungu."

"Ndiyo, Bibi, lakini nililitoa mimi."

Akasema kwa ile sauti ya watu ambao masikio yao hayasikii vizuri, kanisa zima likapokea: "Umelitoa halafu umekuja kulichukua?"

Jamani. Kwenye Ufipa yote hakuna aibu kama hiyo, mtu kuchukua tena sadaka yake kutoka altareni. Nikasikia kanisa likivuta pumzi. Nikageuka nikamwona Mama Deo kwenye safu ya wanawake, ameufunika uso wote kwa kanga. Padre akauliza kwa upole, "Baba Deo, una shida gani na magunia?" Na mimi, kwa sababu nilionywa nisimwambie mtu, nikajibu, "Padre, nilikuwa nahakikisha hesabu."

"Unamhesabia Mungu?"

Kicheko kilianzia kwaya kikaenda mpaka nje. Wazee wawili wa kanisa wakanishika mikono kwa heshima wakanitoa pembeni, wakasimama nami mmoja kushoto mmoja kulia, nisiguse gunia tena. Na hapo hapo nikamsikia Kastori nyuma yangu akimnong'oneza jirani yake, "Huyu haweki hela benki, hela za Kongo anaficha kwenye mahindi. Mke wake ametoa bila kujua." Mpaka wimbo wa mwisho unaisha, habari ilikuwa imeshafika barabarani.

Mnada kama wa mwaka ule haujawahi kutokea na hautatokea tena. Katekista ndiye aliyekuwa akinadi, na gunia la kwanza tu likaenda bei ya magunia mawili. La pili, matatu. Watu ambao kila mwaka wananunua kuku na fungu la mihogo walikuwa wanapigania mahindi, na kila anayeshinda anaburuta gunia lake pembeni, anaingiza mkono mpaka kwenye bega. Hakuna kitu. Wengine nao wakawa wanasema basi ni lile lililobaki, lile la Bibi, mlimwona alivyolililia? Nami nimesimama na wazee wangu wawili, gunia lenyewe wamelilaza chini, maandishi yamekumbatia udongo.

"Gunia la mwisho!" katekista akaita, naye jasho linamtoka kwa furaha.

"Laki mbili!" nikapaza sauti.

"Laki tatu," Kastori akasema, hata hakunitazama.

"Nne!"

"Sita."

"Saba!" nikasema, na mzee wa kulia akaniuliza taratibu, "Taslimu, Baba Deo?" Nikaingiza mkono mfukoni. Ulitoka na risiti ya Nassoro. Nikaeleza habari za tairi, nikaeleza laini imevunjika, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana natunga.

"Basi ni Kastori, laki sita," katekista akamaliza.

Kastori akalipa noti kwa noti. Kisha akaagiza turubai, akakata uzi wa gunia kwa kisu, na mbele ya parokia nzima akamwaga. Mahindi yalitoka meupe, mazuri (yalikuwa mahindi mazuri, nisijidhulumu). Akapiga magoti, akayapekua kwa mikono miwili, akayatandaza mpaka turubai likaonekana chini. Mahindi. Akalikung'uta gunia. Vumbi. Ndipo Bibi Sabina akasema, "Kastori mwanangu, umenunua mahindi kwa bei ya ng'ombe. Usiyale kwa haraka."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Kastori akawa mwekundu mpaka masikio, na mtu mweusi kama Kastori akiwa mwekundu ujue mambo ni mazito. Akalikunja lile gunia tupu, akanirushia kifuani, "Chukua gunia lako, tapeli mkubwa!"

Nikalidaka. Nikalifungua. Namba tisa ilikuwa inanitazama.

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi, nikaiomba intaneti kwa mtu wa kwanza niliyemwona, nikaanza kuingiza maneno, nayachora kwa kidole gumba herufi kwa herufi, kiganja kimoja kimeshika simu na kingine ndicho kitabu, na jasho lilikuwa limeanza kufuta namba mbili. Wazee wangu wawili waliinama juu yangu wakidhani nasali. La tisa nikalisoma kwenye gunia. Nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, nami nikaahidi mambo kwa Mungu ambayo mengine bado sijatimiza.

Dola zikatokea. Zote.

Nilipiga ukelele ambao hata padre alitoka sakristia. Mama Deo akaja, kanga ameshaishusha, uso wa mtu aliyechoka kuona aibu. "Baba Deo, una akili kweli?" Ndipo nikamwonyesha simu, nikamwonyesha gunia, nikamweleza yote mbele za watu kwa sababu watu hawakutaka kuondoka. Akalisoma gunia, akanitazama.

"Kumbe haya ndiyo hela? Mimi nilidhani ni majina ya mbegu. Ungeniambia tu."

Ungeniambia tu. Maneno mawili, ya Kiswahili, na yalinichoma kuliko yale kumi na mawili. Maana ni kweli. Nilimficha mtu mmoja ninayelala naye kitanda kimoja, siri ikaenda kupangwa mstari mbele ya altare.

Kabla hatujatoka geti la kanisa nilishafungua mfuko mpya wenye maneno mapya na kuhamishia kila kitu huko, kwani maneno yaliyosomwa na kwaya nzima siyo siri tena. Wiki ile nikawa Laela kama kawaida, na wakulima wakalipwa. Kwa hela ya mnada ule parokia iliezeka nyumba ya katekista, na padre alitushukuru wote wawili, mimi na Kastori, kwa majina, jambo ambalo Kastori hakulipenda. Alininunia wiki mbili. Ya tatu akaja stooni, akasimama mlangoni akitazama boriti, akasema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Hebu nionyeshe hiyo kitu ya Wakongo." Nikamwonyesha. Sasa na yeye mteja wake wa Kalemie anamlipa kabla mashua haijageuza, na kila siku anawaambia watu ameigundua mwenyewe.

Mimi nimeapa sitaandika tena kitu cha siri kwenye chombo cha kuweka chakula, na sitakuwa na siri ya hela ambayo Mama Deo haijui. Nimetimiza hata kuzidi. Maneno mapya ameyatunza yeye, na mahali alipoyaweka amekataa kuniambia. Nikimuuliza, ananisogezea sahani, ananiambia nile kwanza.